Msinisifu kwa Kutolalamika

Wiki iliyopita tulimzika rafiki yangu wa utotoni pale Lang'ata. Tulikua pamoja Buruburu, tukasoma pamoja, na hadi juzi watoto wake walikuwa wakiniita shangazi. Alikuwa na miaka 47. Alianguka bafuni akijitayarisha kwenda kazini, na kufikia jioni madaktari wakasema hakuna tena la kufanya. Kiharusi. Kumbe alikuwa ameshaambiwa ana presha, ila dawa alizificha garini ili nyumbani wasiingiwe na wasiwasi. Mkewe alizipata alipokuwa akitafuta karatasi za bima.

Kanisani walisimama watu wengi kumsifu, na wote walisema kweli. Alisomesha wadogo zake. Alimjengea mama yake nyumba. Hakukosa mchango hata wa mtu asiyemjua vizuri. Lakini sifa iliyorudiwa na kila aliyeshika maikrofoni, kuanzia kaka yake mkubwa hadi bosi wake, ilikuwa moja: hakuwahi kulalamika. Kitindamimba wao alisema, "Nilikuwa nikimpigia hata saa sita za usiku, na siku zote aliniambia, usijali mdogo wangu, nitaona la kufanya." Watu wakatikisa vichwa, wengine wakafuta machozi. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, nimejawa na hasira ambayo haijaniisha hadi ninapoandika haya. Tulichokuwa tukisomewa pale ni orodha ya mizigo, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeuliza mtu mmoja aliibebaje yote.

Sisemi ukimya ndio uliomuua. Presha ina sababu nyingi, na walioandika cheti cha kifo wanajua zaidi yangu. Ninachosema ni kwamba tumeufanya ukimya kuwa heshima kuu ya mtu mzima. Tunamfundisha akiwa kijana, tunamdai akishapata familia, kisha tunamsifu nao akiwa ndani ya jeneza.

Fungua Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 260. Kijana ni aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Mzee wa jamii ni aliyetimiza 60. Vijana wana Kifungu cha 55 cha kuwalinda, wazee wana cha 57, na nafurahi kwamba vipo. Ila hapo katikati kuna miaka 25 isiyo na jina. Ukifika 35 unatoka kwenye zabuni za serikali zilizotengewa vijana, unatoka kwenye hazina za vijana, unatoka hata kwenye hotuba za wanasiasa. Tangu hapo jamii haikuulizi tena unataka kuwa nani. Inakuuliza utatoa ngapi.

Na ni katika miaka hiyo hiyo ambapo kila kitu hukutana. Mtoto anaingia shule ya upili na karo inatakiwa kabla hajashusha sanduku. Mama kijijini ana sukari, dawa zinaisha kila mwezi. Mdogo wako ana digrii na analala kwenye kochi sebuleni mwako akisubiri simu ambayo haiji. Mshahara, kabla hujaugusa, umeshakatwa kodi, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, na akiba ya uzeeni ya NSSF. Kinachobaki kinasubiriwa na mwenye nyumba, tokeni za stima, chama cha kuchangiana, na kikundi cha WhatsApp kilichofunguliwa jana usiku kwa jina la mgonjwa unayemfahamu. Na mwili nao umeanza mambo yake. Usingizi unakatika saa tisa usiku, unabaki ukitazama dari ukipiga hesabu ambazo hazikubali. Asubuhi mtu anakuuliza u hali gani, unajibu "tunasukuma tu," naye anaridhika kwa sababu hata yeye anasukuma.

Mwaka 2008 wachumi David Blanchflower na Andrew Oswald walichapisha utafiti uliopitia takwimu za nchi nyingi, tajiri na maskini. Waliona kwamba watu huridhika na maisha wakiwa vijana, kisha kuridhika huko hushuka polepole, hufika chini kabisa katikati ya miaka ya arobaini, na baadaye hupanda tena. Mwaka 2012 watafiti wengine wakaripoti mteremko unaofanana hata kwa sokwe na orangutani wanaotunzwa na binadamu. Nilipousoma kwa mara ya kwanza nilipata faraja ambayo sikuitarajia: basi kumbe si mimi niliyeharibika, ni barabara yenyewe inayopita bondeni. Wapo wanaoupinga mchoro huo. Blanchflower mwenyewe ameandika katika miaka ya karibuni kwamba katika nchi nyingi vijana wa leo ndio wenye hali mbaya zaidi, kiasi kwamba lile bonde halionekani tena kwa kuwa safari yenyewe inaanzia chini. Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwa sababu hilo halimpunguzii kitu mtu wa miaka 45. Hakuna aliyesema kwamba yeye amepata nafuu.

Wazungu wana jina la kipindi hiki. Elliott Jaques aliandika kuhusu mgogoro wa umri wa kati mwaka 1965, na tangu wakati huo filamu zimetuzoesha picha ya mwanamume mwenye gari jipya na mpenzi wa umri wa binti yake. Wapo hata hapa Nairobi, sikatai. Lakini wengi ninaowajua mimi hawasumbuliwi na tamaa. Wanasumbuliwa na hesabu. Kuzeeka hawakuogopi. Wanachoogopa ni kuugua kabla mtoto wa mwisho hajamaliza shule.

Nirudi kwenye mazishi, kwa sababu kuna jambo lililoniuma kuliko hotuba zote. Kamati ilikuwa ikikutana kila jioni katika ukumbi mmoja mjini. Mwekahazina alisoma majina na kiasi kilichoingia, watu wakapiga makofi, wengine wakaongeza ahadi papo hapo. Kabla wiki haijaisha pesa zilitosha jeneza, gari la maiti, mahema, chakula cha mamia ya waombolezaji na bili ya hospitali, na nyingine zikabaki. Baadaye ndipo ilipojulikana kwamba marehemu alikuwa na deni la sako, chama cha akiba na mikopo, na mikopo midogo midogo ya simu, huu ukikopwa kulipa ule. Jumla ya madeni yote ilikuwa ndogo kuliko pesa zilizochangwa kumzika.

Ni watu wale wale. Simu zile zile. Angeomba akiwa hai, angepata hata robo? Sote tunajua ambavyo ingekuwa. Kwanza angeulizwa mshahara unaenda wapi. Kisha mtu angemkumbusha ule mwaka alionunua gari. Kisha lingeanza kundi la pembeni, lisilo na yeye, la kumjadili mkewe. Maiti hatumuulizi maswali, tunatoa tu. Aliye hai tunamhoji hadi anajuta kufungua kinywa. Halafu tunashangaa kwamba anafunga kinywa!

Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, na methali hiyo niliisikia ikinong'onwa matangani kuhusu zile dawa za garini. Inamlaumu aliyeficha. Mimi nauliza alikuwa akimficha nani, na tulimfanyia nini hadi akaona ni salama zaidi kuugua peke yake kuliko kutuambia.

Hapa nataka kuwatetea vijana, ambao wenzangu wa rika hili wanapenda kuwaita laini. Mtoto wa kaka yangu alikuwa mjini tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia Bunge na polisi wakafyatua risasi. Wiki chache baadaye alinipigia. "Shangazi, silali," akasema. "Nikifumba macho nasikia milio. Nahitaji mtu wa kuzungumza naye, na sitaki aniambie nitasahau." Ana miaka 24, hana kazi, ana mkopo wa masomo wa HELB unaomsubiri, na bado aliweza kutamka kwa sentensi tatu kile ambacho rafiki yangu hakuweza kukitamka kwa miaka. Sijawahi kumsikia mtu wa umri wangu akisema maneno hayo bila kwanza kuomba radhi. Tulilelewa kwa "jikaze kisabuni," nasi tukajikaza. Wao wamekataa, na wamefanya vyema kukataa. Namwomba Mungu wasije wakafika 40 wakajifunza ukimya wetu kwa kuwa ndio wanaoona ukisifiwa.

Kwa sisi wanawake wa umri huu kuna jambo la ziada, na nitalisema waziwazi hata kama kuna wajomba wanaosoma. Ukomohedhi kwa kawaida huja kati ya miaka 45 na 55, na miaka inayoutangulia inaweza kuwa migumu kuliko wenyewe. Homoni ya estrojeni inapanda na kushuka, usingizi unavurugika, moyo unaenda mbio bila sababu, huzuni inakuja asubuhi na kuondoka adhuhuri. Nilikwenda kliniki moja nikaeleza yote hayo. Muuguzi hakuinua hata macho. "Mama, huo ni umri tu," akaniandikia dawa za kutuliza maumivu. Ni umri, ndiyo! Mimba nayo ni umri, uzee nao ni umri, na vyote vina kliniki. Nyumbani hali hiyo inaitwa hasira za mama. Watoto wanaambiwa wampishe. Ningependa sana waambiwe wamuulize amelala vipi.

Na wanaume ni hivyo hivyo, kwa njia yao. Karibu duniani kote, Kenya ikiwemo, wanaume ndio wanaojitoa uhai zaidi, huku wanawake wakiwa ndio wanaopatikana zaidi na ugonjwa wa msongo wa mawazo. Sehemu ya pengo hilo, naamini, ni kwamba mwanamke akilia anapelekwa kwa daktari au kwa mchungaji, na mwanamume akinyamaza anaambiwa ni mtu mzima.

Wazee wametuzidi katika hili. Mwanasaikolojia Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba watu wakihisi muda uliobaki si mrefu, huchagua wachache wa maana na kuachana na mengine, na hisia zao hutulia kuliko za vijana. Sikuhitaji kusafiri hadi Stanford, kwa kuwa namwona mama yangu. Amejitoa kwenye vyama viwili, amebaki na kimoja. Harusi za watu asiowajua haendi tena. Jirani mmoja alimtukana kwa sababu ya mpaka wa shamba, nikamkuta ametulia anapepeta maharagwe. "Mwanangu, ugomvi ni wa watu wenye muda," akaniambia.

Lakini yeye yuko kwake. Nenda mtaa wa Pipeline hapa Nairobi uone mabibi walioletwa kutoka kijijini kulea wajukuu, orofa ya tano, dirisha linatazama ukuta wa jengo jingine na taa inawashwa saa sita mchana. Mtu aliyezoea kusalimiwa na kijiji kizima anashinda siku nzima na mtoto wa miezi minane na televisheni asiyoielewa. Hasemi kitu kwa sababu analishwa. Na wale wanaofika 60 wasio na pensheni wala akiba ya maana watangoja hadi 70 ndipo waingie Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, wapate shilingi 2,000 kwa mwezi. Hiyo miaka kumi nayo haina mwenyewe.

Serikali nayo imejikokota. Hospitali ya Mathari ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, na vizazi kwa vizazi jina lake limetumika kutishia watoto na kumnyamazisha yeyote mwenye huzuni. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Hata hivyo, hadi Januari 2025 kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilikuwa bado kinamfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, ndipo Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu akakitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Kwa miaka yote hiyo aliyefika ukingoni na kuokolewa angeweza kutolewa wodini na kupelekwa kizimbani. Nilisoma uamuzi huo nikashukuru, kisha nikahuzunika kwamba ulihitaji kesi.

Kila tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, maofisi ya mjini huleta mzungumzaji wa kutuambia tuvute pumzi na kwamba furaha ni uamuzi. Kuvuta pumzi kunasaidia, sina ugomvi nako. Lakini hakuna pumzi itakayomlaza mtu anayedaiwa ripoti na mkubwa wake saa nne usiku, na ni kampuni hiyo hiyo iliyomleta mzungumzaji.

Ninachokiamini zaidi kilitoka Harare, Zimbabwe. Daktari wa akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa aliyejitoa uhai, na familia ikamweleza kwamba walikosa nauli ya basi ya kumleta hospitalini. Mwaka 2006 alianza kuwafunza akina bibi, 14 kwa kuanzia, katika mtaa wa Mbare, wakae kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu, kisha wawasaidie kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, asilimia 14 tu ya waliokaa na akina bibi hao walikuwa bado na dalili za msongo wa mawazo, wakati waliopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 50. Bibi, benchi na utaratibu. Hapa kwetu kikao kimoja cha mshauri kinaweza kumeza pesa za soko za wiki nzima, na bado tunasubiri madaktari ambao nchi haina.

Nairobi ina mabenchi tayari. Kuna saluni, kinyozi, stegi ya boda, kibanda cha chai. Kuna vyama, ambavyo vinajua jina la kila mtoto wako na siku unayolipwa. Chama chetu cha Umoja kilibadilisha ajenda: kabla pesa hazijahesabiwa, kila mmoja anasema kitu kimoja kinachomlemea, na hairuhusiwi kutoa ushauri hadi uombwe. Mwanzoni ilikuwa vigumu, watu walisema "mimi niko sawa" wakapitisha zamu. Kisha mama mmoja, mtulivu kuliko wote, akasema mwanawe amefukuzwa shule na yeye hajala kwa siku mbili. Hakuna aliyejua. Alikuwa amekaa nasi mwezi uliotangulia akatoa mchango wake kamili.

Nasikia jibu la wanaume, kwa sababu kaka zangu wamenipa: kuzungumza hakulipi karo. Ni kweli, hakulipi. Lakini deni linalojulikana mapema linagawika, na lililofichwa linazaa. Wanaume wa rika langu wanakutana kila Jumamosi kutazama mpira, wanajua kila mchezaji aliyeumia na atarudi lini, na hawajui nani kati yao anameza dawa. Sitaki waache mpira. Nataka wakati wa mapumziko mmoja amgeukie mwenzake amuulize, kisha asicheke.

Kwetu tumeanza na karatasi. Jumapili baada ya mazishi tuliketi ndugu wote kwa mama, tukaandika kila kitu: dawa zake, mshahara wa msichana anayemsaidia, karo za watoto wa dada yetu mjane, ile ardhi inayolipiwa. Pembeni tukaandika nani amekuwa akilipa. Jina la kaka yetu mkubwa lilikuwa karibu kila mstari. Ana miaka 52. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba tangu mwaka jana amekuwa akikopa ili atume. Tumeyaondoa majukumu yake, tumemwachia karo ya mwanawe peke yake. Dawa za mama ni zangu na mdogo wangu, ardhi imesimamishwa, na tutaketi tena mwisho wa mwezi kuona nani mwingine amelemewa.